Baiskeli Ndefu kwa Nyuma

Mume wangu Lukumani alinichagua mimi kwa asubuhi moja, sokoni Koboko, nikiwa nimeinama napima maharage. Baiskeli aliichagua kwa msimu mzima wa mvua. Sisemi hivi kwa wivu. Nasema ili mjue ni mtu wa namna gani, na ili asitokee wa kuniambia kwamba mwanamume huyu hana subira. Subira anayo, ila siku ile ya maharage alikuwa ameiacha nyumbani.

Kazi yake ni kubeba. Hapa kwetu Lobule ukiwa na muhogo mkavu na unataka ufike soko la Koboko, unamwita Lukumani, naye anaufunga kwenye keria kwa mipira ya tyubu kuukuu, anautikisa, anaufungua, anaufunga upya, kisha anaondoka. Baba yake alikuwa askari, kama baba za watu wengi wa Koboko, na urithi aliomwachia ni vitu viwili: Kiswahili cha kambini na tabia ya kukagua. Lukumani anakagua kila kitu. Anakagua jembe kabla ya kulima, kuku kabla ya kumchinja, na kucha za watoto kabla ya kula. Mimi, Driwaru, ni Mlugbara wa Kuluva, upande ule wa Arua, yeye ni Mkakwa. Kikakwa changu kinatosha kuombea chumvi, Kilugbara chake kinatosha kusalimia wazee, basi ndani ya nyumba tunaishi kwa Kiswahili, hiki cha huku kwetu kisichojali ngeli, na kinabeba mambo yetu yote hata yale ya kitandani.

Nilipojifungua kitinda mimba wetu, mama yangu Eyotaru alikuja kuniangalia. Alikuja kwa taksi, pamoja na jiwe lake la kusagia, kwa sababu haamini jiwe la mtu mwingine. Taksi ile ilimtapisha njia nzima. Alipofika Koboko alikuwa ameshatapikia kanzu ya mzee mmoja aliyekuwa anakwenda kuposa, na posa ile sijui iliishia wapi. Akaapa kwamba hatapanda gari tena mpaka siku atakayobebwa amelala. Pikipiki nazo hataki kuzisikia. Vijana wa boda, anasema, wanaendesha kama watu walioiba, na juu ya hayo unatakiwa umshike kiuno mtoto wa mtu usiyemjua. Kwake yeye chombo cha safari ni baiskeli. Marehemu baba alimbeba kwa baiskeli miaka yote ya ndoa yao, na hakuwahi hata kuhisi kichefuchefu.

Basi akakaa. Mtoto akakaa, akatambaa, akasimama dede, mama yangu bado yupo. Na hapo lazima niwaeleze jambo la ukwe.

Kwetu mkwe ni mtu wa kuogopwa, kwa Walugbara na kwa Wakakwa vilevile. Mwanamume hamgusi mama mkwe wake, hamtaji jina, hali chakula mbele yake, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Siku hizi mjini watu wamelegeza, wengine wanapiga naye picha. Mama yangu hakulegeza, na Lukumani, kwa kuwa ni mtoto wa askari, amri haiulizi mara mbili. Nyumba yangu ikahitaji mkalimani, na mkalimani nikawa mimi. Mama yuko mlangoni pa jiko, mume wangu yuko penye ghala, ukirusha kokwa ya embe inampata. Mama ananiambia kwa Kilugbara nimwambie mtu wangu kwamba mbuzi wake wako kwenye muhogo. Lukumani anamsikia, mbuzi anawaona, lakini hainuki mpaka nimgeuzie maneno kwa Kiswahili. Anajibu kwamba amesikia, nami nalirudisha jibu jikoni. Mbuzi wakati huo wanakula.

Kiswahili mama yangu hakijui. Hivyo ndivyo tulivyoamini. Alikichukia tangu ujana wake, akisema kila alipokisikia miaka ile kulikuwa na mtu mwenye bunduki anayetaka kuku. Tukianza kukizungumza uso wake ulifungwa kama duka siku ya msiba, naye akaendelea kumenya karanga zake.

Kisha ikaja habari ya kanisa. Kijijini kwao, nje kidogo ya Kuluva, wamekuwa wakijenga kanisa tangu mimi ni msichana, na muda mfupi kabla mama hajaja kwangu hatimaye lilipata bati na mlango. Mlango ulipotiwa kufuli, wazee wawili wa kamati waligombania ufunguo mpaka wakanyimana salamu. Mchungaji akaona amani ni kuuweka kwa Eyotaru, mkubwa wa akina mama, autunze hadi siku ya sherehe, na siku hiyo aufungue mlango yeye mwenyewe mbele ya watu. Alikuja nao Lobule, kaufunga fundo kwenye pindo la kitenge chake, analala nao. Sasa simu ilipigwa kwamba sherehe ni Jumapili fulani baada ya mavuno ya kwanza. Nilishauri tumpe mtu aupeleke ufunguo. Mama aliniangalia kama niliyependekeza tukipeleke kichwa chake na mwili ubaki.

Nitasema wazi nilichokitaka mimi. Nilitaka mama yangu afike kwao siku ile, na nilitaka afikishwe na mume wangu, mchana, watu wakiona. Tangu niolewe, mama alikuwa hajasema neno jema hata moja juu ya Lukumani. Neno alilokuwa nalo ni kwamba watoto wa askari wanajua kuchukua, kurudisha hawajui. Neno hilo liliniuma, na lilimuuma Lukumani pia, ingawa lilimfikia kupitia kinywa changu na nilikuwa nimelipunguza makali.

Kwa hiyo nilipomweleza habari ya kanisa, nilifurahi aliposema bila kukawia, "Ambia mama, mimi napeleka yeye." Furaha yangu haikudumu. Alikwenda kuitazama baiskeli yake, akaizunguka, akarudi amekunja uso. Baiskeli ile ni fupi. Mzigo ukikaa kwenye keria unamwegemea mgongoni, na gunia likikuegemea hakuna aibu, lakini huyu si gunia. Goti la mama mkwe lingekuwa kwenye mbavu zake kutoka Lobule mpaka Kuluva. Ilitakiwa baiskeli nyingine, yenye nguvu ya kubeba mtu na safari, na yenye nafasi ya kutosha ukwe kupita katikati.

Jambo la kwanza lilikuwa uzito. Lukumani hanunui hata kamba bila kuujua mzigo, sembuse baiskeli. Lakini utamuulizaje mama mkwe uzito wake, na utamuuliza kupitia kwa nani? Nilimwambia nimetafsiri mengi katika nyumba hii, hilo silitafsiri. Nikadhani yameisha.

Asubuhi moja baada ya mvua nikamkuta uani amepiga magoti kana kwamba anasali, isipokuwa kibla si upande ule. Mama alikuwa ameinuka kitini akaenda chooni. Lukumani alikuwa anachomeka kijiti kwenye matundu ambayo miguu ya kiti imeyaacha katika udongo mbichi, na kwenye kijiti anakata alama. Alipomaliza akakisogeza kiti kando kidogo, akapandisha gunia la muhogo juu yake, akangoja, akaliteremsha, akapima matundu mapya. Hayakufika alama. Akalirudisha gunia, akaongeza beseni la muhogo. Bado kidogo. Akaongeza bakuli la unga, nadhani kwa ajili ya heshima.

"Mama iko gunia moja na beseni," akanitangazia. "Na unga kidogo."

Mama alikuwa amesharudi. Amekaa mlangoni pa jiko, karanga mkononi, uso umefungwa. Nilimkonyeza Lukumani apunguze sauti, naye akanijibu kwa sauti ile ile kwamba mama hapana sikia Swahili. Jioni hiyo mama alikula nusu ya chakula chake. Kesho yake vivyo hivyo, na kiti kile hakukikalia tena, akawa anatandika mkeka. Nikafikiri ni homa, nikamchemshia mwarobaini, akaunywa.

Tukaenda Arua kutafuta baiskeli. Nilifuatana naye kwa sababu namjua, na kwa sababu mama ni wangu. Tulianza asubuhi, na kufikia adhuhuri wauza baiskeli wa Arua walikuwa wakituona tunakuja wanajifanya wanasali. Lukumani alikuwa anaigeuza kila baiskeli miguu juu, anazungusha gurudumu, anagonga spoku moja moja kwa ukucha huku ameinamisha sikio. Zile za giya alizikataa mara moja, akasema keria zake ni za kuanikia vijiko. Nyingine ilikuwa nzuri sana, nyekundu, akaipenda, akaikalia, akanyoosha mkono nyuma kupima, akashuka kwa huzuni. Fupi.

Mwisho tukafika kwa Shafik, kijana mnene anayeuza baiskeli zilizotumika, nyuma ya soko. Lukumani akamwambia anataka ndefu. Shafik akatoa moja ambayo mume wangu alipoipanda miguu yake ilining'inia kama ya mtoto kwenye benchi la kanisa.

"Hapana ndefu juu," Lukumani alisema. "Ndefu nyuma."

Shafik akauliza ni mzigo gani. Lukumani akanitazama, mimi nikatazama matairi. Hawezi kumtaja mama mkwe wake dukani mbele ya mtu asiyemjua, tena katika mazungumzo ya kilo. Akajibu kwamba ni mzigo ya heshima. Shafik akafikiri. Akauliza kama ni jeneza, maana aliwahi kumuuzia mtu wa majeneza na hakulalamika. Si jeneza. Kioo cha kabati? Si kioo. Lukumani akajaribu kumsaidia, akamweleza kwamba mzigo huo haupendi joto, haupendi kutikisika, hautakiwi kuanguka hata kidogo, na zaidi ya yote hautakiwi kumgusa yeye mgongoni. Shafik akageuza shingo kulia, akageuza kushoto, akasogeza mlango ukabaki ufa. Akanong'ona kwamba yeye ana watoto, na kama ni petroli ya kuvusha kutoka Kongo, basi hatukuonana.

Nikashindwa kuvumilia. "Ni mama yangu," nikamwambia.

Shafik alikaa juu ya tairi. Kumbe naye ana mama mkwe, yuko Omugo, na kila mwaka sikukuu ikikaribia analia moyoni. Hakucheka hata kidogo. Alimtazama mume wangu kama wanavyotazamana watu waliougua ugonjwa mmoja, akasema kwa upole, "Ndugu yangu, fakitori hapana jua mkwe." Hakuna kiwanda duniani kinachotengeneza baiskeli kwa kufikiria ukwe. Kisha akaingia ndani kabisa, akatoa jibaiskeli jeusi la zamani, fremu nzito, rimu za chuma, breki za fimbo. Alisema hilo litabeba hata serikali. Urefu wa nyuma tumwendee mtu wa kuchomelea vyuma, atuongezee. Lukumani akaligeuza miguu juu, akagonga spoku zote, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

Fundi wa kuchomelea pale Koboko aliirefusha keria mpaka nikaona aibu. Mwishoni kabisa akaweka kiti cha mto chenye mgongo na vishikio, na kutoka tandiko la Lukumani mpaka kwenye kiti hicho ungeweza kulaza mbuzi. Ukwe ulikuwa umetoshelezwa. Tukaileta nyumbani kuijaribu. Lukumani akapakia gunia moja kwenye kiti cha mama, akafunga beseni juu yake, bakuli la unga pia hakulisahau. Akapanda. Gurudumu la mbele likainuka taratibu, likatazama mawinguni, naye akateleza kinyumenyume mpaka akakaa chini, katikati ya muhogo, unga kichwani. Nikasikia sauti nisiyoizoea, nikageuka. Mama alikuwa anacheka, mkono mdomoni, mabega yanatikisika. Tangu nimeolewa sikuwa nimemwona anacheka katika uwanja ule.

Shida ilikuwa hiyo sasa. Kila heshima ilivyozidi kwa nyuma, baiskeli ilizidi kusimama kwa mbele, na siku zilikuwa zinakwenda. Lukumani alilala chali akitazama paa usiku na mchana. Bahati njema wiki ile akapita Koboko Mzungu mmoja aliyekuwa anasafiri kwa baiskeli kuelekea mpakani, mifuko miwili nyuma, miwili mbele. Lukumani akamsimamisha kwa mkono kama trafiki, akamkagua. Sijui walisemezana kwa lugha gani, lakini walichuchumaa pamoja kando ya barabara muda mrefu, na mume wangu akarudi anakimbia.

"Mzigo hapana weka nyuma tu," aliniambia. "Gawanya. Ingine mbele, ingine nyuma."

Nikamwambia mama yangu hagawanyiki.

Akasimama akifikiri, na macho yake yakazunguka uwanjani mpaka yakaangukia jiwe la kusagia. Jiwe lile nimelibeba ujana wangu wote na ninalijua. Lilitakiwa kurudi Kuluva kwa vyovyote, maana mama asingeliacha. Lukumani akaniomba nimwombe mama ruhusa ya kulifunga mbele, kwenye keria ndogo. Nikaanza kumweleza mama kwa Kilugbara, na kabla sijafika kwenye jiwe akawa ameshatikisa kichwa kukubali. Hapo ilinipasa kushtuka. Sikushtuka, nilikuwa nashukuru Mungu.

Jiwe likafungwa mbele, gunia na beseni vikajaribiwa nyuma, baiskeli ikatulia.

Tukaondoka Ijumaa alfajiri. Watoto tuliwaacha kwa wifi yangu Hawah. Mama alikaa upande upande, gauni lake refu la gomesi limenyooka, kitenge juu yake, mwavuli umefunguliwa, kama mtu anayesubiri ibada ianze. Lukumani alitazama mbele na hakugeuka hata mara moja. Mimi nilifuata kwa baiskeli ya zamani, ile fupi, nikiwa na nguo za safari na kuku wa zawadi. Kazi yangu ya ukalimani haikusimama. Mama anaona shimo, ananipungia mkono, nakanyaga kwa nguvu mpaka niwafikie, ananiambia nimwambie mtu wangu kuna shimo, nampita mama nimfikie Lukumani, namwambia kuna shimo, na yeye ananijibu kwamba hilo shimo tumeshalipita na tumeingia lingine. Tulipofika kwa shangazi yangu Maracha, tulikolala, sikuwa na pumzi ya kuamkia watu. Watu walimpa pole mama, aliyekaa chini ya mwavuli siku nzima.

Jumamosi tulipita milima midogo midogo, kisha ukaja mteremko mrefu. Breki za baiskeli yangu ni za kumbukumbu tu, basi nikashuka, nikawa nakokota. Wao wakaachia. Baiskeli nyeusi ilikuwa na gunia, beseni, jiwe na Lukumani, na vitu hivyo vyote vilikuwa na haraka. Nikiwa juu nikaona pindo la kitenge cha mama limechomoka, linapepea upande wa gurudumu, na katika pindo lile fundo zito linaruka huku na huku. Ule ufunguo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nikamwita mama kwa Kilugbara, upepo ukanirudishia sauti yangu. Fundo likagusa spoku, likalia kama kengele, likagusa tena. Mara ya tatu likaingia.

Ndipo nikasikia sauti kutoka chini kule, sauti ya uwanja wa gwaride, kavu, isiyo na woga wala ombi.

"Simama."

Lukumani hajawahi kusimama kwa mbwa wala kwa mwenyekiti. Kwa sauti ile alisimama. Alibana breki zote mbili, akakita miguu yote miwili lami ikala ndala zake, na baiskeli ikatulia pembeni, mwavuli bado uko wima. Mimi nikaitupa yangu, nikakimbia, kuku akipiga kelele nyuma yangu. Nilijua hakuna mtu mwingine barabarani. Hata hivyo nilikuwa najiuliza ni askari gani aliyewasimamisha.

Nilipowafikia nilimkuta mama amesimama karibu na gurudumu, kitenge kimembana kiunoni kwa sababu nusu yake iko kwenye spoku. Lukumani amechuchumaa, uso ameugeuzia ukingo wa barabara ili asimwone mkwewe katika hali ile, na mkono mmoja ameupeleka nyuma, unapapasa spoku kama wa kipofu. Na mama yangu, ambaye hajui Kiswahili, alikuwa anamwelekeza.

"Mukono kushoto. Hapana hapo, chini. Sasa zungusha gurudumu nyuma, pole pole. Mimi hapana gunia ya muhogo."

Mkono wa Lukumani ukaganda. Mimi pia nikaganda.

"Na beseni," mama akaongeza. "Na unga kidogo."

Nilimuuliza kwa Kilugbara tangu lini anajua Kiswahili. Akanijibu kwamba miaka ile ya bunduki asiyejua Kiswahili hakuzeeka, na kwamba kujua ni jambo moja, kusema ni jingine. Nikaanza kuyakumbuka yote yaliyosemwa katika nyumba yangu tangu mtoto ni mchanga mpaka amesimama dede. Niliyakumbuka ya sebuleni. Kisha nikakumbuka na yale mengine, na kwamba ukuta wetu na chumba chake ni wa matete na udongo, nikatamani jiwe la kusagia liniangukie.

Lukumani, uso bado ukingoni, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, samehe mimi."

Mama akafikiri kidogo. "Unga iko nyingi," akasema.

Kitenge kikatoka, kimechanika. Ufunguo ukatoka, umepinda. Mama aliutazama, na hapo nilimwona anaogopa kwa mara ya kwanza. Ilikuwa Jumamosi mchana, kanisa zima lilikuwa linamngoja yeye na kile kipande cha chuma. Hakunipa mimi niupitishe. Aliuweka juu ya jiwe lake la kusagia pale mbele ya baiskeli, akarudi hatua mbili. Lukumani akaokota kokoto, akaanza kuugonga ufunguo juu ya jiwe, kidogo kidogo, anauinua, anaukagua kwa jicho moja, anaugonga tena. Mama alisimama akimtazama mgongo muda wote ule. Alipomaliza aliuacha pale pale juu ya jiwe, akasogea, na mama akauchukua.

Jumapili mlango uligoma mara ya kwanza. Wazee wawili wa kamati walitazamana kwa furaha mbaya. Mama akautoa ufunguo, akaupangusa kwa gomesi, akaurudisha, akausukuma kwa bega na kuuzungusha, na kufuli likalia. Vigelegele vikapigwa mpaka kuku wangu wa zawadi akakata kamba. Lukumani alikuwa amebaki nje kwenye uwanja, kofia yake ya kitambaa kichwani, anailinda baiskeli isiyokuwa na mwizi. Mwanamke mmoja akamuuliza mama ni nani yule aliyemleta. Mama akageuka pale pale mlangoni, watu wote wakiwa nyuma yake, akajibu kwa sauti ya kufika uwanjani. Alijibu kwa Kiswahili, na wengi wa watu wale walikuwa hawajawahi kumsikia akikitamka.

"Huyu iko mutoto ya askari," alisema. "Yeye narudisha mimi."

Wengine walisikia maneno ya kawaida. Lukumani aliinama kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote, akakaa nalo muda mrefu. Mimi nililia, na sikujificha.

Msifikiri ukwe umekwisha. Mama akija Lobule, na sasa anakuja kila msimu, mambo ya nyumbani ni yale yale. Ananiambia nimwambie mtu wangu, mtu wangu ananiambia nimwambie mama, nami nasimama katikati natafsiri kwa watu wawili wanaoelewana vizuri kuliko ninavyowaelewa. Lakini juu ya baiskeli mama ametoa hukumu yake. Mkwe, anasema, ni uso. Kwenye baiskeli mtu ametazama mbele, na kati yao kuna nafasi iliyopimwa na fundi, kwa hiyo hapo hakuna mwiko, mtu anaweza kuzungumza. Basi wanazungumza. Wanaanzia Lobule hawanyamazi mpaka Kuluva, na mimi niko nyuma na kuku.

Safari iliyopita upepo ulikuwa unavuma kuja kwangu.

"Driwaru toka mutoto iko na mudomo mingi," mama alikuwa anasema.

"Mimi najua, mama."

"Wewe navumilia sana."

"Makosa iko yangu, mama," alisema mume wangu. "Baiskeli mimi nachagua mvua yote. Yeye, mimi nachagua asubuhi moja."

Mama akacheka mpaka mwavuli ukatikisika. Nikapiga kengele wajue kwamba nipo na nasikia. Walinisikia, wakaendelea.